Kompyuta Iliyolala Chumbani kwa Baba

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za watu, na nikiri mapema kwamba imenichosha. Siku nzima naambiwa imegoma, imekataa, imekufa, kana kwamba mashine hizi ni ndugu wakorofi, na siku nzima nauliza maswali yaleyale. Umeiwasha? Waya umechomekwa? Umejaribu kuizima na kuiwasha tena? Juzi mchana nilifungua moja kuukuu iliyoletwa kutoka ofisi fulani, nikapuliza vumbi lililoganda kwenye feni yake, na harufu ikanipanda puani: vumbi la Dodoma lililochomwa na joto la umeme mpaka likanuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nikaweka bisibisi mezani. Fundi mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu nimechoka tu, na huo haukuwa uongo.

Harufu ile ni ya chumbani kwa baba yangu, nyumbani kwetu Chang'ombe, mwaka ule bibi yangu alipokuja kukaa nasi na mguu wake.

Huyu alikuwa bibi mzaa mama. Alijikata ugokoni kwa jembe akipalilia karanga, akajipaka dawa zake mwenyewe, na hadi alipokubali kumwonyesha mtu, kidonda kilikuwa kimeshachimba. Mama akamfuata kijijini, akamleta mjini karibu kwa nguvu. Hospitali wakasema kidonda kisafishwe mara mbili kwa wiki, kwa wiki nane, bila kukosa hata siku moja, la sivyo hawakuwa na ahadi yoyote ya kutupa kuhusu mguu huo. Mama alilirudia neno hilo, bila kukosa, mpaka mimi mwenyewe nikawa naliota.

Mama aliuza nafaka sokoni Majengo. Aliondoka asubuhi na kurudi jua likizama, pumba za uwele zikiwa zimemwingia hadi kwenye mikunjo ya nguo. Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Kaka yangu alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo tangu nilipotoka shule saa nane hadi Baba aliporudi saa kumi, nyumba ilikuwa ya kwangu na Bibi, nami nilikuwa na kazi moja tu, kuhakikisha anakula. Kazi hiyo ilinishinda. Bibi alikaa kwenye kochi kubwa la sebuleni, mguu umenyooshwa juu ya stuli, macho ukutani, akamega tonge moja, mawili, akasukuma sahani.

"Bibi, kula kidogo basi."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini na hujala?"

"Nimeshiba kukaa."

Kila baada ya siku mbili tatu alimwambia Mama amrudishe nyumbani. Mama akamjibu mguu bado. Kesho yake Bibi akamega tonge moja badala ya mawili.

Halafu kulikuwa na jambo la Baba. Tangu Bibi aje, Baba hakupita tena mlango wa mbele. Alizunguka uani, akaingilia jikoni, na kabla ya kukanyaga korido alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu ambacho hata mtoto alijua si cha mafua. Bibi alipokisikia alivuta khanga akafunika uso. Baba akapita mbiombio akitazama sakafu, akaingia chumbani kwake, mlango ukafungwa. Hakutoka tena isipokuwa kwenda bafuni, na kabla ya bafuni alikohoa. Chakula nilimpelekea hukohuko. Kochi lake, lile la mtu mmoja lililo dirishani alikozoea kusikilizia taarifa ya habari, lilikaa wiki nzima, kisha ya pili, kisha ya tano, bila mtu.

Sikuwahi kuwasikia wakisalimiana. Bibi akitaka kujua kama Baba ameamka salama aliniuliza mimi. Baba akitaka kujua kidonda kinaendeleaje alimuuliza Mama, tena kwa sauti ya chini. Ninyi wa umri wangu mnaosoma hapa mmeshaanza kucheka, kwa sababu mnajua mkwe ni mtu wa namna gani kwetu. Mimi nilikuwa na miaka tisa na hakuna aliyenikalisha chini akanieleza. Wakubwa walidhani jambo kama hilo mtu anazaliwa nalo. Shuleni kwetu, watu wawili wasiosemeshana, wakikutana mmoja anafunika uso na mwingine anatazama chini, walikuwa wamegombana, basi. Nikajipa jibu kwamba Baba na Bibi wanachukiana. Nililibeba jibu hilo peke yangu, na lilinielemea.

Siku moja Mama, akimfungia Bibi kitambaa kichwani, alisema laiti angesikia ngoma ya kwao walau mara moja, huenda hamu ya kula ingemrudia. Na ngoma ilikuwepo. Mjomba, kaka yake Mama, aliwahi kuwarekodi kwa simu akina mama wa kijijini wakipiga muheme, ngoma hiyo ya kwao, baada ya mavuno, Bibi akiwa katikati yao na ngoma yake magotini, na kabla simu haijamtumbukia kisimani alikuwa ameshaziingiza nyimbo hizo kwenye kompyuta ya Baba. Zilikuwa kumi na moja.

Sasa nieleze shida ilivyokuwa, maana siku hizi nalishwa na kueleza shida kama hizi. Kompyuta ile ilikuwa mali ya ofisi, Baba aliruhusiwa tu kuja nayo ili amalizie kazi nyumbani. Haikuwa na spika. Matundu ya kuchomekea flashi yalikuwa yamezibwa na fundi wa ofisini, baada ya flashi ya mtu fulani kuleta virusi na kula barua za idara nzima. Fundi huyohuyo alisema diski yake imechoka, ikihamishwa ikatikiswa, kila kilichomo kitapotea. Kwa hiyo ilikaa palepale, kwenye meza ndogo kando ya kitanda cha wazazi wangu, na nyimbo kumi na moja tumboni. Nilimwambia Bibi mambo ni rahisi, twende chumbani kwa Baba nikakuwekee kiti, utasikilizia vifaa vya masikioni. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani.

"Chumbani kwa mkwe wangu?" akasema. "Mimi?"

Hilo nalo nikaliweka kwenye hesabu zangu za uadui wao.

Kilichotuokoa ni gemu ya kaka yangu. Alipokwenda bweni aliiacha imeunganishwa na televisheni, nami nilikatazwa kuigusa, kwa hiyo niliijua vizuri. Kwenye orodha yake kulikuwa na alama ya muziki, na ukiibonyeza kwa pedi mashine ilisema inatafuta kompyuta iliyomo ndani ya nyumba ili icheze nyimbo zake. Mama akaniombea ruhusa. Baba akajibu kwa kupitia kwake: muziki tu, asiguse kingine. Nikawasha kompyuta chumbani, nikakimbilia sebuleni, nikabonyeza. Gemu ikatafuta, ikatafuta, ikasema haijaona kitu.

Nikaenda kwa Mama Zuhura. Huyu alikuwa na steshenari nyumba ya tatu kutoka kwetu, akichapa barua na kutoa kopi, ushungi umekaa sawa na miwani imeshuka puani, na alikuwa mtu pekee mtaani aliyezisemesha kompyuta bila kuziogopa.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba. Leo kimegoma nini kwenu?"

Nikamweleza. Akachukua karatasi ya kopi iliyoharibika, akachora nyuma yake visanduku viwili na bomba katikati.

"Hizi mashine zenu zinakunywa bomba moja?" aliuliza. "Maana kama hii inakunywa kwenu na hii inakunywa kwa jirani, zitaonana wapi?"

Nilirudi kuangalia. Naam, kompyuta ilikuwa imeunganishwa na ruta yetu, lakini gemu ilikuwa kwenye waifai ya jirani, ambayo kaka yangu aliipata kwa njia anazozijua mwenyewe. Nikaihamishia kwetu. Kesho yake ikaiona kompyuta, ila ikasema imekatazwa kuingia. Nikarudi kwa Mama Zuhura. Akachora mlango, akaniambia ipo sehemu kwenye kompyuta ya kuweka alama ya kuruhusu, nisiogope kuitafuta. Nikaitafuta siku mbili. Ikaruhusu, gemu ikaingia, ikakuta patupu. Nikarudi tena. Safari hii hata hakuchora, aliuliza tu nyimbo zimewekwa wapi. Zilikuwa kwenye folda aliyoitengeneza Mjomba kwa jina lake, na gemu ilikuwa ikichungulia folda ya muziki peke yake. Nikazihamisha moja moja, nimeshika pumzi, nikiamini nikikosea mojawapo Bibi atapotea nayo.

Kwanza ulisikika upepo, na mbwa, na Mjomba akiuliza kama wako tayari. Kisha ngoma zikaingia sebuleni kwetu, zikatikisa vikombe kabatini.

Bibi hakulia wala hakutabasamu. Alikunja uso, akasikiliza kama mwalimu.

"Huyo wa kushoto anachelewa," akasema. "Nilimwambia."

Akaniomba mto wa kochi. Akajaribu kuubana katikati ya magoti, jinsi akina mama wanavyobana ngoma, lakini mguu ukakataa, maumivu yakamfinya uso. Akauweka mapajani badala yake, akaanza kuupiga kwa viganja. Vumbi likaruka. Nikamletea ugali wa uwele na mlenda, akala huku mkono mmoja ukiendelea kupiga, na nilipochukua sahani haikuwa na kitu. Nilifurahi mpaka nikaenda kumwonyesha Mama Zuhura ile sahani.

Raha ile ilikuwa na mwisho wake kila siku. Wimbo wa tano, au wa sita, ngoma zilikatika ghafla, televisheni ikasema kompyuta imepotea. Nilikimbilia chumbani, nikagusagusa, ikaamka, nikaanza upya. Mara ya kwanza nilipomhusisha Baba ni siku alipokohoa, akapita, mlango ukafungwa, na dakika hiyohiyo ngoma zikakatika. Wiki iliyofuata ikatokea tena hivyohivyo. Siku nyingine nyingi ilizima saa nane na nusu wakati Baba yuko kazini kwake, lakini hizo sikuzihesabu. Nimeshawaona watu wazima wengi wakihesabu namna hiyo, na huwa nawaelewa.

Jumanne moja Bibi alikuwa amechangamka kuliko siku zote. Alikuwa akinifundisha, mimi na mto wangu, yeye na wake, na kila nilipokosea alinipiga kofi dogo la bega. Baba akakohoa uani. Bibi akajifunika. Mlango wa chumbani ukafunguka, ukafungwa. Ngoma zikakatika, mkono wa Bibi ukabaki hewani.

"Imekuwaje?" akauliza chini ya khanga.

"Baba amezima."

"Azime kwa nini?"

"Kwa sababu hakutaki hapa," nikasema, na nilisema kwa sauti kubwa kwa kuwa nilikuwa na hasira. "Hakutaki, na wewe humtaki. Mnachukiana. Mimi najua."

Kuta za nyumba yetu zilikuwa nyembamba. Ungeweza kusikia kiberiti kikiwashwa chumba cha pili. Bibi alifunua uso, na hakunitazama mimi, alitazama upande wa korido.

"Nyamaza," alisema. Aliurudisha mto mahali pake, akaunyoosha pembe zake nne. Siku hiyo hakula.

Jioni alimwambia Mama ampelekee Mjomba habari aje amchukue Jumamosi. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayeagiza chumvi. Mama alihesabu kwa vidole safari za hospitali zilizobaki, akafika sita, akamnyooshea vidole hivyo sita usoni.

"Mama, sita tu. Sita. Unataka nikuone umekatwa mguu?"

"Nimesema Jumamosi."

Mama alinigeukia akaniuliza kama kuna lililotokea mchana. Nikasema hapana. Usiku huo nililala kitanda kimoja na Bibi kama kawaida, mgongo wangu kwenye mgongo wake, nikajua kwamba mguu huo ukiharibika mimi ndiye niliyeuharibu. Nisiwafiche, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Jumatano sikuthubutu kukaa na Bibi; nilimwachia pedi, nikamwonyesha pa kubonyeza, nikashinda nje mtaani. Alhamisi nilipotoka shule nilipitia steshenari.

"Mama Zuhura, nifanyeje ili Baba asizime muziki?"

Akashusha miwani. "Huwa anazima saa ngapi?"

"Wimbo wa tano. Au wa sita."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa hiyo baba yako anakaa anahesabu nyimbo, ukifika wa tano anazima?" Alicheka mpaka akashika kaunta. "Mwanangu, hiyo inalala. Kompyuta isipoguswa muda fulani inalala, na ikilala muziki unalala nao. Nani alikwambia ni baba yako?"

Akanionyesha kwenye kompyuta yake mahali pa kuiambia isilale, mara mbili, kisha akanitaka nimwonyeshe mimi. Wateja walikuwa wengi, akawa ananiacha na kurudi, na nilipotoka pale ilikuwa imepita saa kumi.

Nikiwa bado uani nilizisikia ngoma. Sebuleni Bibi alikuwa ameketi peke yake, mikono mapajani, mto hakuugusa. Televisheni ilionyesha wimbo wa nane. Nikasimama. Ukaingia wa tisa. Nikaenda chumbani kwa wazazi wangu nikiwa na hofu, nikasukuma mlango bila kubisha.

Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati la kazini bado mwilini, viatu pembeni, soksi zimetoboka kidoleni. Chumba kilinuka lile vumbi la moto. Kichwa kilikuwa kimemwangukia kifuani, anasinzia, lakini mkono mmoja ulikuwa umenyooka hadi mezani juu ya kipanya cha kompyuta. Kila baada ya muda alishtuka, akakisogeza kidogo, akasinzia tena.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Funga mlango."

"Unafanya nini?"

"Nikiiacha inalala." Alipiga miayo. "Nimejaribu kuibadilisha, inataka neno la siri la fundi wa ofisini, na fundi yuko likizo."

"Tangu lini unaishika?"

"Tangu jana." Akakisogeza kipanya. "Nilikusikia juzi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Nilitazama zile soksi zake na sikujua niweke wapi mikono.

"Humchukii Bibi?"

"Yule ndiye aliyenipa mama yako," alisema. "Mtu kama huyo humkodolei macho. Humkalii mbele umekunja nne, unakula na kusikiliza redio. Nikikohoa namwambia, mama, napita, usifadhaike. Na yeye akijifunika ananijibu, pita, mwanangu. Kila siku tunasalimiana, wewe ndiye husikii."

"Mimi nilidhani..."

"Ulichodhani nakijua. Mtaa mzima unakijua, kwa sauti ile."

Nilirudi sebuleni nikapiga magoti mbele ya stuli yenye mguu. Nikamwambia Bibi kwamba nilikosea, kwamba Baba hakuwahi kuzima kitu, kwamba mashine inalala yenyewe na sasa hivi Baba anaishikilia isilale.

"Najua," akasema Bibi.

"Unajua?"

"Mtu anahema nyuma ya ukuta wiki tano, nitakosa kumjua? Alikuwa analala mchana, akirudi kutoka kazini. Jana hakulala. Leo hajalala."

"Basi usiende. Ni mimi nilisema vibaya."

Bibi alielekeza kidevu kwenye kochi la dirishani. "Hilo ni la nani?"

"La Baba."

"Amelikalia lini?"

Niligeuka kulitazama.

"Mwanamume anatoka kazini amechoka, anajifungia ndani kama mwari, kwa sababu yangu na mguu wangu. Siendi kwa maneno yako, mama. Wewe ni mtoto, unasema. Naenda ili mwenye nyumba akae." Mpaka leo sijui kama alisema hivyo kwa kuwa ndiyo kweli, au alinitua tu mzigo. Nimelizungusha swali hilo miaka mingi na nimechoka kulizungusha.

Hapo ikasikika sauti ya Baba kutoka nyuma ya mlango wake. "Mwambie bibi yako kochi si kitu. Akae mpaka mguu upone."

Nilisimama kwenye korido, katikati yao. Walikuwa wakisikiana kama mtu na mwenzake kwenye benchi moja, lakini kazi ilikuwa imeshakuwa yangu.

"Bibi, Baba anasema kochi si kitu, ukae mpaka mguu upone."

"Mwambie mkwe wangu nimeshukuru. Mguu hata nyumbani unapona."

"Baba, Bibi anasema..."

"Mwambie kule hakuna wa kuusafisha."

"Mwambie zahanati ipo."

"Mwambie zahanati ni mbali."

"Mwambie punda yupo."

Nilirudia yote, neno kwa neno, shingo ikigeuka huku na huku. Zamu ikamfikia Baba.

"Mwambie mimi nitakwenda kukaa kwa rafiki yangu, huko Makole, hizi wiki tatu. Nyumba itakuwa yake."

Nikamwambia. Bibi akavuta pumzi ndefu. "Mwambie akitoka yeye leo, mimi natoka leo hiihii, kwa miguu."

"Baba..."

"Nimesikia," akasema Baba, akasahau kwamba hakutakiwa kusikia. Nadhani alikuwa ameinuka kitambo kuja karibu na mlango, akakiacha kipanya, kwa sababu sebuleni ngoma zilikatika.

Jumamosi Mjomba alikuja na gari la kuazima. Niwaambie mapema yaliyofuata ili msiwe na wasiwasi kama niliokuwa nao: mguu haukukatwa. Kidonda kilikuja kufunga kwenye mvua za mwaka uliofuata, lakini kilifunga vibaya, na Bibi akatembelea fimbo maisha yake yote yaliyobaki. Ngoma hakuibana tena magotini. Mama hakuwahi kunilaumu, wala mimi sikuwahi kumwambia nilichosema Jumanne ile, na sasa wote wawili, Bibi na Mama, hawapo tena wa kuambiwa.

Asubuhi hiyo Mama alikuwa nje akibishana na Mjomba kuhusu mahali pa kuweka godoro. Baba alikuwa chumbani. Hangetoka kumsindikiza, na sasa nilijua kwa nini. Niliwasha muziki bila kuomba ruhusa, nikausikia unapita wimbo wa tano, ukapita wa sita, ukapita wa saba. Bibi alikuwa ameshavaa, khanga mpya begani, fimbo ya kwanza kati ya fimbo zake nyingi mkononi. Mjomba akapiga honi. Bibi akainua kiganja kuelekea dirishani, angoje.

Ukafika wimbo wa kumi na moja, ambao sikuwa nimewahi kuufikia. Ulikuwa wa polepole, na ngoma moja ndani yake ilizitangulia nyingine kidogo tu, kama mtu anayewaonyesha wenzake njia bila kugeuka nyuma. Sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Bibi aliusikiliza wote amesimama, uzito wake wote kwenye mguu mzima. Mwishoni wale wanawake wakacheka, kisha kukawa na upepo peke yake.

Bibi akageukia ukuta wa chumbani kwa Baba. Hakujifunika.

"Asante, mwanangu," akasema.

Nilikuwa nimeshageukia korido, mdomo wazi, tayari kuupeleka ujumbe, ndipo nikatambua kwamba safari hii hakuna aliyenituma.